Viazi Vikuu vya Kupokelea Jeshi

Enzi zetu, wenzangu wa Imenti, jeshi lilikuja kwa miguu na lilinuka moshi. Vijana wa leo wakisikia jeshi wanatoa simu wapige picha. Sisi tuliposikia Mwingereza ameondoka na wapiganaji wanashuka kutoka msituni, tulikimbilia uwanja wa shule roho mkononi. Mimi nilikwenda kumtafuta baba. Aliingia msituni nikiwa mchanga, hata sura yake sikuijua.

Lo, watu walivyogeuka! Ungewasikiliza siku hiyo, kila mtu kilimani alikuwa amepeleka chakula msituni. Sijui basi nyumba yetu ilichomwa na nani. Mbele ya wote alisimama M'Itunga, homugadi wetu, aliyewalinda wakoloni miaka yote na kutufukuza kwenye shamba letu la mtoni akalifanya lake. Wiki iliyotangulia alivaa kofia ya serikali. Sasa alikuwa amejifunika ngozi ya mbuzi kama watu wa msituni, mbichi hata nzi wakamfuata, akiimba kuliko wenye wimbo.

Wengine walileta githeri ya mahindi na maharagwe, na ndizi. M'Itunga, ili awashinde, akaleta viazi vikuu vya kuchoma. Mnajua mila yetu: kiazi kikuu ni cha mwanamume. Yeye hupanda, yeye huchimba. Mke hagusi hata njaa ikimzidi. Ndiyo maana mama aliviacha ardhini tulipofukuzwa, akasema, "Mwenyewe atakuja."

Mwenyewe akaja. Mwanamume mwembamba, nywele ndefu, alimshika mama mkono, nami nikajificha nyuma ya leso aliyojifunga mama. M'Itunga akamkimbilia na kipande kinono. Baba akauma, akakitazama ndani. Zambarau.

"Umekitoa wapi?"

"Shambani kwangu, ndugu yangu shujaa!"

"Mbegu hii aliniachia babangu. Kwenye kilima hiki hakuna mwingine aliyekuwa nayo."

Wimbo ukakatika. Wenye bunduki wakaacha kutafuna. M'Itunga akalowa jasho ndani ya ngozi yake.

"Si... si nilikuwa nakutunzia!"

Mama hakumpa nafasi ya kupumua. "Asante sana, mzee. Nyote mmesikia? Alikuwa anatutunzia. Kesho tunarudi!" Akapiga kigelegele, wanawake wakaitikia, na aliyepiga makofi kuliko wote ni M'Itunga. Mjinga hakuwa.

Baba tulimzika katika shamba hilo, na mimi nimezeekea hapo. Wajukuu hawataki viazi vikuu, eti vinachosha taya. Wao ni chipsi za mjini Makutano tu. Juzi alikuja bwana mmoja wa suti na watu wake wa kupima ardhi, akasema upande wa mtoni ni wake. Hakuimba, hakutuletea hata ndizi mbivu.

M'Itunga alikuwa mwizi, lakini alikuwa na wa kumwogopa. Siku hizi nakaa mlangoni nikitazama msitu kule juu. Hakuna anayeshuka.