Godoro Lililotaka Kuvalishwa Upya

Mzee mshona magodoro hakuwa mtu wa kupayuka. Hata mkewe alipozikwa, hakusema neno. Ila shemeji yake alipofunga dirisha la chumbani, mdomo ulimfunguka.

"Nani kakwambia ufunge?"

"Pumu ni baridi, shemeji. Unataka na binti yako apigwe upepo?"

Binti alikaa kitandani, mabega juu, kifua kinapiga filimbi. Pumu alirithi kwa mama yake. Alihamia ili baba asiishi peke yake, na tangu ahamie hajapata usingizi. Chini ya kitanda dawa ya mbu ilifuka moshi. Sakafuni lilitandikwa zulia la manyoya, zawadi ya shemeji.

"Baba, nitarudi kwangu. Humu siwezi."

Mzee akauma meno. Daktari wa mkewe alisema vumbi, akasema moshi. Ndugu wakaitikia, "Ndiyo, daktari," kisha wakaja kumfungia mgonjwa madirisha. Miaka yote!

"Nenda kwa jirani kwanza, mwanangu."

Binti alipotoka, mzee alizima dawa ya mbu kwa kisigino. Akaburuta zulia nje.

"Makubwa! Zulia langu!"

"Lichukue."

Akashika godoro. Shemeji akalikalia.

"Hili halitoki. Ni la dada yangu. Nimeleta kitambaa, livalishe, litakuwa jipya."

"Jipya!" Maisha yake yote watu walimletea magodoro ya pamba: chambua pamba, valisha kitambaa. Wao waliondoka na vitambaa vya maua, yeye alibaki na pua nyeusi kwa vumbi. "Kitambaa kipya, vumbi lile lile. Nililishona mwenyewe kabla sijamwoa dada yako. Unadhani hainiumi? Inuka!"

Uani akapasua mshono kwa kisu cha kazi, akalipiga kofi moja. Vumbi likafumuka. Shemeji akapiga chafya mpaka mtandio ukamdondoka.

"Mungu wangu! Dada alikuwa analala humu?"

"Alikuwa anakufa humu."

Shemeji alirudi ndani, akashika ufagio.

"Uache, unarusha vumbi. Loanisha tambara."

Akaloanisha. Wakapangusa kuta, vitanda, hata juu ya kabati.

Wiki iliyofuata binti alikuwa analala kwenye mkeka, dirisha wazi, chini ya chandarua kilichofuliwa. Asubuhi moja mzee alisimama mlangoni akasikiliza. Filimbi haikuwepo.

"Nabaki, baba," binti alisema.

Mzee akaitikia kwa kichwa, akatoka uani haraka.

"Tambara bichi tu!" alifoka peke yake. "Tambara bichi na dirisha!"