Makangaga ya Tuta la Nne

Siku ya kwanza ya kazi nilifika mapema, ukungu bado umelala bondeni, nikasimama nje ya lango kwa sababu sikujua kama bustani nayo hubishiwa hodi. Aliyenikuta pale ni Msimamizi, mzee mwembamba mwenye koti la mvua lililochanika begani.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Unanisalimia mimi au unasalimia viatu vyangu?"

Nilikuwa nimeinamisha kichwa. Mama Zaina, mfanyakazi wa siku nyingi, alikuwa anapita na ndoo, akacheka. "Mzee, huyu hata kuku akimnyang'anya mahindi, yeye ndiye atasema samahani."

Bustani yenyewe iko milimani, juu ya kijiji cha Rangwi. Ina matuta saba ya ngazi, yaani mteremko umekatwa vipande vilivyo sawa, na kila kipande kimezuiliwa na ukuta wa mawe ili mvua isichukue udongo. Tulilima kabichi, karoti, liki na koliflawa. Tuta la Nne ndilo lilikuwa bora kuliko yote. Ukuta wake Msimamizi aliupanga kwa mikono yake akiwa kijana, na alipopita hapo alizoea kuugusa, kama mtu anavyomgusa ng'ombe wake.

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii sasa, adui wa bustani za huku si wadudu peke yao. Kuna kangaga. Mnalijua: majani yake yamechanika kama manyoya, na chipukizi lake hutoka ardhini limejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Hayo majani si kitu. Kangaga lenyewe liko chini. Lina mzizi mnene, mweusi, unaotambaa ndani ya udongo, na ukiupiga jembe ukaukata vipande kumi, umepanda makangaga kumi.

Kwa hiyo Msimamizi alikuwa na sheria zake. Kwenye tuta jipya tulichimbua kwa jembe uma, lile lenye meno, ili kuuinua mzizi bila kuukata. Mizizi yote ilipelekwa kwenye mwamba mkubwa kando ya kijito, ikaanikwa juani. Haikuondolewa pale hadi mzizi ukiuvunja ulie kama kijiti kikavu. Hapo ndipo ilichomwa. Majani tuliyakata kwa mundu, yakawa matandiko ya ng'ombe au ya kufunikia matenga ya mboga yanayoshuka sokoni Mombo, chini ya milima.

"Jani lina kazi," alisema. "Mzizi hauna kazi. Usivichanganye hata siku moja."

Mimi nilivichanganya.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili. Ukungu ulikaa wiki nzima, mwamba ukawa umelowa, na mizizi niliyoanika ilibaki mibichi. Nilikuwa na lundo lingine kubwa na sikuwa na pa kuliweka. Nilikwenda kumuuliza Msimamizi, nikamkuta anazungumza na Meneja, mkubwa wake wa ofisini. Nikasimama pembeni. Nilingoja, wakaendelea kuongea, nikaona haya, nikarudi. Lundo lote nikalimwaga kwenye shimo la mboji, nikalifukia kwa samadi. Nilijiambia kwamba joto la samadi litaiua mizizi.

Samadi haikuiua. Mboji ile ilitandazwa Tuta la Nne. Mvua za masika ziliponyesha, ngumi za makangaga zilitokea kila mahali katikati ya koliflawa changa, nyingi hata hukuweza kuweka mguu.

Meneja alishuka kutoka ofisini na buti zake safi. Alitembea hadi mwisho wa tuta, akarudi.

"Nani alifanya hivi?"

Tulikuwa tumesimama sita. Nilitaka kusema, na kila nilipovuta pumzi niliona macho yake.

"Mboji ni yangu, Meneja," Msimamizi akasema. "Mimi ndiye niliyesema imeiva."

"Basi nisikilize. Nakupa miaka miwili, hadi masika ya mwaka kesho kutwa. Nikikuta bado ni pori, naweka mikaratusi hapa. Na wewe upumzike, umri umekwenda."

Alipoondoka, Msimamizi hakumgombeza mtu. Alichukua mundu, akanipa mimi.

"Binti, tuta hili ni lako. Huna kazi nyingine."

Tangu siku hiyo nililijua lile tuta kuliko uso wangu. Kuchimbua lote tena kungebomoa ukuta, kwa hiyo ilibaki njia moja, ya kuuchosha mzizi. Mzizi ukisukuma jani juu unatumia akiba yake, na jani likishafunguka linairudisha. Ukivunja ngumi mapema mno, mzizi haujatumia kitu. Ukichelewa, umeshajilipa. Unavunja siku ile jani linapomaliza kufunguka, kabla halijakaza kijani chake. Halafu linatoka lingine, jembamba zaidi, nawe unangoja tena. Mara tatu au nne kwa mwaka, shina kwa shina, nimepiga magoti. Mama Zaina alikuwa akipita juu yangu anauliza, "Leo umewasalimia wangapi?" Nami nilianza kumjibu.

Ilifika masika aliyoitaja Meneja. Alikuja, akatembea polepole safari hii, akifunua majani kwa fimbo. Karibu na mwisho alisimama. Chini ya jani la koliflawa palikuwa na ngumi moja, nyembamba kama uzi wa sufu.

"Na hii?"

Niliona mkono wa Msimamizi unashika jiwe la ukuta.

"Hiyo nimeiacha mwenyewe," nikasema.

Wote waligeuka.

"Haijafunguka. Nikiivunja leo mzizi utalala, utarudi. Keshokutwa itakuwa tayari. Ndiyo ya mwisho upande huu, naijua."

Meneja aliondoa fimbo kwenye jani. "Kumbe anaongea," akasema. Kisha kwa Msimamizi, "Endeleeni na koliflawa."

Keshokutwa niliivunja.

Nilikaa pale miaka minne zaidi. Kifua cha mama kikawa hakikubali tena baridi, na nyumbani tulikuwa tumebaki mimi na yeye tu, ikabidi nishuke naye kwa mjomba Mombo. Siku ya kuaga nilimfuata Msimamizi Tuta la Nne. Nilimtazama usoni.

"Mzee, ile mizizi kwenye mboji ilikuwa mimi."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Siku ngumi zilipotokea. Nilikumbuka ulivyokuja, ukasimama, ukaondoka, na jioni lundo halikuwepo wala mwamba haukuwa na kitu kipya. Mimi nilikuona unangoja, nikaendelea kuongea." Alisugua goti lake. "Kwa hiyo sikusema uongo kwa Meneja. Nenda salama, mwanangu. Msalimie mama."

Mwaka uliofuata naye alistaafu. Ninasikia anaishi kwa binti yake, na magoti hayamruhusu tena kushuka hadi kwenye ukuta wake.

Mimi nauza mboga hapa barabarani Mombo. Joto ni kali, magari hayaishi, na nikiinua kichwa milima iko pale juu na mawingu yake, karibu kabisa, kama mtu aliyekupa mgongo. Adui niliyempigia magoti miaka yote ile, sasa namkosa. Matenga yakishushwa asubuhi, yamefunikwa makangaga, nami huyainamia kwanza kabla ya mboga. Bado yana ubaridi wa huko. Yana harufu ya ukungu na udongo mweusi.

Kisha nageuza kila shina, natazama mwisho wake. Sijawahi kukuta mzizi. Limekatwa juu ya ardhi, kwa mundu, pale pale Msimamizi aliponionyesha.