Ndege Mingi

Kuna watu hapa Lubumbashi ambao mpaka leo wakinikuta barabarani wanaangalia juu kwanza, halafu wanacheka, na haki yao, maana aibu ile niliipika mwenyewe na kuipakua mwenyewe, mbele ya wakwe, mchungaji na askari watatu wa taifa.

Nilikuwa mwalimu wa biolojia katika shule ambayo madawati yake yalikuwa yameshageuka kuni. Mwalimu mwenzangu Mzungu, alipofungasha virago kukimbia, aliniachia jumelle zake (darubini ile ya macho mawili) na kitabu cha ndege kilicholiwa na mchwa nusu ya nyuma, kwa hiyo ndege wa kurasa za mwisho siwajui mpaka kesho. Basi nikaanza kuzunguka kila asubuhi, mto Kafubu, nyuma ya mlima mweusi wa taka za kiwanda cha shaba, ziwa la Karavia, daftari mkononi. Na niwaambie ukweli usiopendeza: nchi ilipokuwa inaanguka, ndege walinenepa. Bomba la kiwanda liliacha kutoa moshi, kiwanja cha gofu kikaota majani mpaka kiunoni, na mimi kwa macho yangu nikamwona mdiria akivua samaki katika bwawa la kuogelea la mkurugenzi aliyekimbia. Majirani walisema njala imenipanda kichwani. Mama yangu alisema ningewapiga kwa manati, angalau tungekula.

Sasa, Mado. Nilimpenda Mado, na nasema hivyo bila kuona haya, haya zangu nimezitumia kwingine. Baba yake, Papa Kasereka, alikuwa mfanyabiashara wa jumla aliyetoka Kivu ya Kaskazini, mtu mzito kwa mwili na kwa maneno, na posa yangu alikuwa bado hajaijibu. Waasi walikuwa wanakaribia mji, na radio trottoir, yaani uvumi wa barabarani, iliapa kwamba wana ndege za vita na watatupiga mabomu juma lile lile, kwa hiyo mzee akapakia familia na mali kwenye lori wavuke Kasumbalesa kwenda Zambia. Kabla ya kuondoka aliita maombi ya kuaga uani kwake Karavia, Jumapili saa sita mchana, na Mado akaniletea habari: "Papa amesema ukuye. Kisha maombi atakujibia mbele ya bantu yote. Uvae muzuri, Prof!" Yaani nije, na mbele ya watu wote: akisema ndiyo, tunavishana pete pale pale, akisema hapana, lori linaondoka naye.

Nilivaa suti yangu moja, mikono yake ilikuwa imenikimbia mpaka karibu na viwiko, nikajitazama kwenye kioo nikaona kuna kitu kinapungua. Nikavaa jumelle shingoni.

"Acha hiyo kintu ku nyumba," mama akaniambia. "Unaenda ku bukwe ao unaenda ku vita?"

Nikamjibu kwamba mtu wa sayansi huonekana na chombo chake. (Mkiwa na mama, msikilizeni.)

Uani watu walikuwa wengi, lori limejaa mpaka juu, na askari watatu wa kizuizi cha barabarani walikuwa wamejialika wenyewe kwa kufuata harufu ya mbuzi. Papa Kasereka, suti nyeupe, alizitazama jumelle.

"Prof, hii inaona mbali?"

"Mbali sana, Papa."

Akatikisa kichwa kwa heshima, nami nikavimba.

Mchungaji akasema tufunge macho. Maombi yakaenda, yakapita kwa Abrahamu, yakapita kwa Musa, yakafika Kasumbalesa yakaanza kuwaombea maofisa wa forodha mmoja mmoja, na hapo nikafungua jicho. Moja tu! Juu ya ziwa, makorongo, wale weusi wa tumbo jeupe, mamia kwa mamia, wakizunguka angani wakipanda na hewa ya moto, ndege niliowasubiri tangu mvua za kwanza. Jumelle zilipanda machoni zenyewe. Naapa nilitaka kunong'ona, lakini furaha haijui kunong'ona.

"Ndege! Ndege mingi! Inakuya huku!"

Hapa niwaeleze. Kiswahili cha kitabuni kina adabu zake: ndege wengi wana manyoya, ndege nyingi zina mabomu. Sisi wa Lubumbashi tuliona huo ni usumbufu, kwetu kila kitu ni mingi, bantu mingi, shida mingi, ndege mingi. Sasa chukua watu waliofumba macho, katika juma la mabomu, wanasikia hayo kutoka kwa mtu mwenye jumelle.

Mchungaji, ambaye tulidhani amefumba kuliko wote, alikuwa wa kwanza kuruka ukuta, na kikapu cha sadaka hakukisahau. Askari wakavua sare zao wakikimbia, mmoja akimlilia shangazi yake Mado, "Mama, unipatie kikwembe, mama!" ili ajifunge kitenge apite kama mwanamke. Papa Kasereka alikimbilia chini ya lori, akakuta waumini wameshajaa, akajitupa katika mfereji ambao, kwa jinsi mji ulivyoharibika, ulipitisha kila kitu isipokuwa maji. Mimi nazunguka napiga kelele, "Hapana! Ni ya manyoya! Ni ya manyoya!" lakini nani atasimama kusikiliza ufafanuzi? Na majirani wakaingia kupakua lori. "Tunasaidia!" akasema mama mmoja, gunia la sukari kichwani, akielekea kwake.

Halafu makorongo wakapita juu yetu taratibu, na mmoja akaachia kinyesi juu ya kioo cha lori. Hilo ndilo bomu pekee la siku ile.

Papa Kasereka akatoka mferejini. Akatazama juu, akanitazama mimi.

"Prof. Hii ni ndege gani?"

"Korongo, Papa."

Mzee alizoea kununua mali Dar es Salaam, Kiswahili cha pwani alikijua. "Ungesema 'wengi'," akasema polepole, "mimi ningebakia mu kiti yangu."

Na mimi, mwalimu, badala ya kupiga magoti: "Lakini Papa, huku hatusemake 'wengi'."

Mado alijifunika uso. Sikujua kama analia au anacheka, na sikupewa nafasi ya kuuliza.

"Mutoto yangu hataolewa na muntu mwenye anafungulaka macho mu maombi," mzee akasema. "Chauffeur, tuende." Dereva akawasha lori, Mado akiwa ndani.

Siku tatu baadaye waasi waliingia mjini kwa miguu, wamevaa buti za mpira, bila ndege hata moja. Mmoja aliziona jumelle zangu akauliza ninatazama nini. "Ndege, mukubwa! Wengi! Wenye manyoya!" nikasema, sarufi safi kabisa, akazichukua hata hivyo.

Miezi ikapita, dereva wa lori lile akarudi na habari. Mado ameolewa Ndola, na bwana mwenye lunettes (miwani) nzito. Baba yake alimchagua kwa sababu hana mazoea ya kutazama juu.

"Mado amenituma neno," dereva akasema. "Eti: huku pia ndege inapitaka. Mingi."

Iliniuma, na bado inaniuma. Basi nimeapa, na ninyi ni mashahidi: makorongo wakirudi, nafunga mdomo kwanza, ndipo nafungua macho.