Kalamu Nyekundu ya Bi Mkato

Mtaani walimwita Bi Mkato, na yeye hakukasirika. Kati ya majina yote ambayo watu wangeweza kumpachika, hilo angalau halikuwa na kosa.

Tangu ujana hadi mvi alisoma prufu, zile nakala za kusahihishwa kabla ya kuchapwa, katika kiwanda cha uchapaji. Alipostaafu, kazi iligoma kustaafu naye. Akienda kununua vitunguu alirudi na makosa. Muuza nyama aliandika "NGOMBE" bila ile alama yake ya juu, na Bi Mkato akamuuliza huyo ni mnyama gani. Kwenye geti la jirani palikuwa na "MBWA MKALI KARIBUNI", hakuna nukta hata ya dawa. "Sasa anayetukaribisha ni nani?" aliuliza, na mwenye nyumba akafunga geti. Kwenye zahanati "hairusiwi" kutema mate. Hapo mwili ulimwasha, kalamu nyekundu ikatoka mkobani, na ile "hu" iliyopotea ikarudi mahali pake mbele ya wagonjwa.

Alikuwa na namna yake ya kusoma. Msimamizi aliyempokea kiwandani alimwambia aanzie neno la mwisho, arudi nyuma neno moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Ukisoma kwa mbele, alisema yule bwana, utanogewa na habari, na kosa litapita chini ya pua yako. Bi Mkato akalishika neno hilo kama dini. Alisoma hivyo matangazo ya harusi, ya minada na ya misiba. Jioni mumewe, Mungu amrehemu, akimuuliza gazeti la kesho linasemaje, mwanamke hana habari.

Lakini kosa lililomgharimu halikuwa la gazetini. Mdogo wake wa kike, wa baba mmoja mama mmoja, alifungua duka la ushonaji mtaa wa pili. Siku ya ufunguzi wageni walijaa, soda mkononi, na bango jipya likafunuliwa: "USHONAJI WA HARAKA NA UAKIKA". Dada mtu hakungoja hata makofi yaishe. Alipanda juu ya stuli, akachomeka "h" kwa chaki. Watu wakacheka mpaka soda zikamwagika.

"Dada, hata leo?" alisema mdogo wake, macho yamejaa machozi.

"Nimekusaidia!"

Tangu hapo hawakusemeshana. Bi Mkato aliumia, tusidanganyane. Huyo mdogo alimbeba mgongoni tangu hajajua kutambaa, na nyumbani sasa hakukuwa na mtu wa kupiga naye soga. Ila kichwa chake kigumu kilimwambia mkubwa hatangulii kuomba. Basi akawa anapita mbele ya duka lile kila asubuhi, hata kama hana safari, anapunguza mwendo, anakohoa kidogo, anasubiri aitwe. Haitwi. Anaendelea zake.

Jumatatu moja alikuta karatasi imebandikwa mlangoni, mwandiko wa mdogo wake. Moyo ulimruka, kisha macho yakawahi kazini. Akaanzia mwisho: nukta hakuna. Akaitia. Akarudi nyuma: "apa", akaipa "h" yake. "Wachukuwe", ile "w" akaifuta. "Nawashukulu", akaing'oa "l" akaweka "r". Akarudisha kalamu mkobani akaenda nyumbani anaimba. Chai ya siku hiyo ilikuwa tamu ajabu.

Alhamisi yake alikwenda kununua nyama.

"Pole, mama," alisema muuza nyama, akinoa kisu. "Mtaa utapooza."

"Kuna nini?"

"Si mdogo wako anahama? Kesho asubuhi gari la mizigo linakuja."

"Nani kakudanganya?"

Muuza nyama akasimamisha kisu. "Bi Mkato, tangazo liko mlangoni. Mtaa mzima umesoma. Na wewe mwenyewe umelisahihisha!"

Aliacha nyama juu ya mizani. Mwanamke mwenye magoti mabovu alikimbia, kanga mkononi, watu wakimpisha njia.

Mlango wa duka ulikuwa wazi. Ndani palibaki cherehani, boksi moja lililofungwa kwa kamba, na mdogo wake akifagia vipande vya nyuzi. Bi Mkato alisimama kizingitini, pumzi juu juu, akaitazama ile karatasi. Safari hii alianza na neno la kwanza.

"Wateja wangu, nahama Ijumaa," alisoma kwa sauti. "Nawashukuru wote. Wenye nguo zao waje wachukue. Na dada yangu, ukipita hapa, ingia..." Akarudia. "Ingia tuagane."

Ufagio ukasimama.

"Nilikuwa dirishani siku ile," alisema mdogo wake. "Uliposimama nikainuka nije kukufungulia. Nikakuona unatoa kalamu."

"Sikusoma, mdogo wangu. Haki ya Mungu, sikusoma."

"Sasa ulikuwa unafanya nini muda wote ule?"

Bi Mkato aliiangalia ile nukta nyekundu aliyoitia mwenyewe. Akalia, bila aibu, pale pale mlangoni. "Nisamehe. Ya bango na ya juzi. Mimi ndiye niliyetakiwa kubisha hodi, na tangu siku ile ile."

Mdogo wake aliegemeza ufagio ukutani. Kisha akaenda nyuma ya mlango, akatungua gauni la bluu kwenye msumari. "Wenye nguo zao waje wachukue," alisema. "Hili ni lako. Livae nilione."

Bi Mkato akalivaa juu ya lile alilokuja nalo, akalivua, akajificha nyuma ya mlango akavua na lile la kwanza, akalivaa tena. Mabegani lilipwaya, kiunoni likagoma kabisa.

"Limenibana."

"Nimekukadiria kwa macho, ukiwa unapita nje," alisema mdogo wake, akijaribu kuvuta zipu. "Ungeingia, ningekupima."

Bi Mkato akainua mikono, apimwe sasa. Utepe wa kupimia ulikuwa chini kabisa ya lile boksi lililokwisha kufungwa. Wakakaa chini sakafuni, kila mmoja na upande wake wa kamba, wakaanza kufungua mafundo.