Leseni ya Seva Moja

Sauti iliyombakia Bi Waya masikioni ni ya kioo cha kwanza: pa, halafu vipande vikamiminika sakafuni kama mchele kwenye gunia lililotoboka.

Alikuwa fundi wa kituo cha mama yake mdogo, wanakofundishwa bure wanawake waliokatiza shule. Miaka saba hakuachana na bisibisi mfukoni. Watu wakamwita Bi Waya, naye akaitika. Mezani palikuwa na vioo thelathini chakavu vya kompyuta, lakini kompyuta ya kweli ilikuwa moja tu: seva nzito iliyokaa stoo, chini ya ngazi. Kwa programu maalumu aliigawa ikawa kompyuta pepe thelathini, kila kioo kikiwa na yake. Kazi zote za mtihani zilikuwa humo, na Ijumaa zilitakiwa kupelekwa kwa wasahihishaji.

Leseni za programu hiyo waliuziwa na muuzaji waliyemwita Wakala, moja kwa kila kioo, na kila mwaka alipandisha bei. Mwaka huu Bi Waya aliketi akayasoma masharti mwenyewe, mstari kwa mstari. Kumbe leseni huhesabiwa kwa seva, si kwa kioo. Kumbe kituo cha elimu kisichotafuta faida hupewa punguzo kubwa na wenye programu, kikipeleka tu cheti cha usajili. Na namba za leseni alizowauzia Wakala zilikuwa za wizi. Akawaandikia wenye programu, akaomba punguzo, akamtaja na mwizi. Vituo vingine vinne vikafuata nyayo.

Wakala alikuja Jumatano mchana, wanafunzi wakiwa wamekwenda kula, akiwa na wanaume wawili wenye nyundo.

"Dada wa waya," alisema, "leo tunakukatia umeme." Wenzake wakacheka. Ndipo kikapasuka kioo cha kwanza.

Mtu yule hakuwahi kufungua mashine hata moja maishani mwake. Miaka yote alihesabu vioo, na sasa aliamuru vivunjwe vioo. Bi Waya alimrukia mmoja wa wenye nyundo akamng'ata mkono mpaka damu. Akapigwa nyundo ya kiwiko, mfupa ukalia. Wakamburuta, wakamgandamiza kwenye mlango wa stoo, teke juu ya teke. Nyuma ya ubao ule, mgongoni kwake, feni ya seva ilikuwa ikivuma. Vioo vilipobaki vichache, kelele zikapungua. Wakala akainua kichwa, akauliza kinachovuma ni nini.

Bi Waya, aliyezika wazazi wawili bila kupaza sauti, alipiga ukunga. Alilia kama aliyefiwa saa hiyo. Alimwita Wakala kaka, akamwita baba, akamwita mheshimiwa, akaomba radhi kwa kila jina. Wakala alinogewa na kuombwa. Akamtia teke la mdomo ili asiache, naye hakuacha, meno mawili yakamtoka. Wakamaliza kioo cha mwisho, wakaondoka wakitaniana.

Mama mdogo aliingia mbio. Alipiga magoti juu ya vipande, mikono kichwani, akaomboleza kwamba kazi za watu zimepotea, Ijumaa watawaambia nini, mwanangu wamekuua na wametuua sote.

Bi Waya alimvuta nguo kuelekea mlango wa stoo kwa mkono uliobaki mzima, kinywa kimejaa damu.

"Nyamaza kidogo, mama mdogo," alinong'ona. "Sikiliza."