Upepo Uliompiga Mama Mkubwa

Utotoni mwangu pale Mlali, kisulisuli kiliheshimiwa kuliko mwenyekiti wa kijiji. Kikija na vumbi lake, mtu mzima na akili zake anachuchumaa, anatema mate, anangoja kipite. Ukisimama, tuliambiwa, kitakupiga ubavu mmoja upooze.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena sabuni na khanga, na hata Kongwa mjini wakafungua duka la dawa. Mama mkubwa Yudita, dada yake mama, alikuwa na presha. Nesi wa zahanati alimwambia ameze vidonge kila siku na apunguze chumvi. Chumvi gani, jamani! Mlenda wake ulitiwa magadi, na chumvi juu. Vidonge alimeza siku kichwa kikiuma tu, kikitulia, anaacha. Alisema hawezi kutibu ugonjwa ambao hausikii. Mama naye alipimwa akakutwa na presha hiyohiyo, akafuata mwendo wa dada yake.

Kiangazi kimoja tulikuwa tunapepeta mtama, kisulisuli kikaja. Sote tukachuchumaa. Mama mkubwa akabaki wima, amekumbatia ungo ili mtama usimwagike. Kilipopita, mdomo wake ulikuwa umeenda upande na mkono wa kulia unaning'inia. Nililia sana, maana nilimpenda mno mama yule.

Basi, nani angetaja presha? Tulikuwa tumeona kwa macho yetu. Alifukizwa, akachanjwa chale kwenye mkono uliolegea, akakatazwa kutoka nje mchana. Alipopata nafuu na kutembea akiburuta mguu, watu wakasema, si mnaona? Vidonge hakugusa tena, kwa kuwa havitibu upepo.

Mvua zilipokaribia, asubuhi moja alikuwa ndani na mama wakimenya karanga, mlango umefungwa. Akainama polepole juu ya ungo, na hakuinuka tena. Msibani watu wakaanza kuulizana kisulisuli kilipitia wapi. Mama hakuwa mtu wa kubishana, lakini siku hiyo alisema, "Nilikuwa naye. Nje hata jani halikutikisika."



Ukubwani nimeelewa kwamba presha huumiza kuta za mishipa ya damu mwaka hadi mwaka, nawe husikii kitu, mpaka siku mshipa mmoja kichwani unaziba au unapasuka. Upepo ukiwa unapita siku hiyo, ndio unaobeba lawama. Siwacheki wazee wetu. Vumbi tuliliona likizunguka, mshipa nani aliuona?

Tulipoanua matanga, mama alikwenda zahanati kwa miguu, akarudi na vidonge. Kesho yake asubuhi alimeza kimoja. Kichwa hakikumuuma hata kidogo, na alikuwa analia.