Upenu Uliokaribia Mpaka

Mwanaima alikuwa mjane wa Kisauni, mshona kofia za viua, zile zinazotobolewa na kudariziwa kwa sindano. Mwaka wa 1947 mamake, Mwanabibi, alipofuka macho yote mawili. Nyumba yao ilikuwa na ngazi tatu za mawe, na bi kizee akaanguka mara mbili kwa juma moja. Basi Mwanaima akamjengea upenu wa makuti ubavuni mwa nyumba, sakafu sawa na ardhi, mlango ukielekea mtungi wa maji. Mwanabibi alijifunza njia kwa siku tatu. Siku ya nne akatawadha peke yake, akamwita bintiye kumwambia, huku akicheka.

Mwezi haukuisha, mpimaji wa serikali akaja na utepe wake.

"Sheria ni futi kumi toka mpakani," alisema. "Wewe umebakisha nne. Omba ruhusa kwa mudiri, mkuu wa mtaa. Atawauliza majirani."

Mwanaima hakuhofu. Jirani wa mpaka ule alikuwa Jumwa, shoga yake. Jumwa alihamia hapo akitoka Miritini, baada ya moto kumuulia mwanawe, na Mwanaima ndiye aliyekuwa akimpelekea uji akimbembeleza anywe.

Siku ya baraza, Karisa mgema alisema upenu haumdhuru mtu. Mwalimu Nassor wa chuo cha Kurani akasema kumsitiri kipofu ni thawabu. Mudiri akamgeukia Jumwa.

"Wewe ndiwe wa mpakani. Wasemaje?"

Jumwa alisimama.

"Bwana, Mwanaima ni ndugu yangu. Lakini kule Miritini moto haukuanzia kwangu. Ulianzia kwa jirani, ukaruka makuti kwa makuti. Kahindi wangu alikuwa amelala ndani. Nikiutazama upenu ule, namsikia akiniita. Siwezi kusema niko radhi."

"Jumwa!" Mwanaima aliita. "Ni mamangu!"

"Najua, shoga. Ezeka mabati, nami nitanyamaza."

Mabati yalikuwa adimu tangu vita. Hata wenye maduka walikuwa wakiyangoja. Mudiri akatoa siku saba upenu ubomolewe.

Siku ya kuubomoa Jumwa alikuja kusaidia kushusha makuti. Mwanaima alimpokonya panga, akamwonyesha njia.

Ilibidi Mwanabibi apelekwe Shanzu kwa mwanawe Ghalib, ambako nyumba haikuwa na ngazi. "Silie, mwanangu," alimwambia Mwanaima. "Kwa Ghalib nako ni kwangu." Lakini huko hakuijua njia ya kitu chochote. Alikaa alipokalishwa, akala alicholishwa, na miezi miwili baadaye akafa, Mwanaima hayupo.

Jumwa alikuja matangani, akaketi karibu na mlango, kajifunika uso kwa kanga. Wanawake walipompisha asogee kwa mfiwa, Mwanaima aligeukia ukutani. Jumwa akaondoka bila kupewa mkono.

Kabla ya mvua za masika Jumwa alifungasha mkeka na vyungu vyake, akarudi kwao Rabai. Mwanaima alimwona kupitia dirishani, akaenda mlangoni. Aliinua mguu avuke kizingiti, kisha akaurudisha.

Miaka baadaye, majirani walipomlaumu Jumwa mbele ya Mwanaima, yeye aliwakatiza.

"Hakusema uongo," alisema. "Mimi nilimpelekea uji miezi mizima, wala sikumwuliza hata siku moja jinsi mtoto alivyokufa. Wallahi, nilikuja kuyasikia barazani, pamoja nanyi."

Akainamia kofia yake, lakini machozi hayakumwacha aone tundu la sindano.